Gari likikwama jangwani, usiliache

Siku hizi si ajabu kupata familia ya Buruburu au Umoja iliyo na mtoto anayesoma Perth, Melbourne au Sydney. Mtoto huyo hufika kule, akakaa mwaka mmoja, akazoea baridi na chakula, akapata leseni ya kuendesha gari. Kisha hukutana na wenzake watatu wanne, wakachanga pesa na kukodi gari wakati wa likizo ndefu. Na likizo ndefu ya vyuo vya Australia, usisahau, huangukia Desemba na Januari, wakati ambapo huku tunachinja mbuzi wa Krismasi na kule jua limefika kilele cha ukali wake. Vijana hao hufungua ramani, wakaona mstari mwembamba unaokata katikati ya nchi, nao husema, "Kwani ni nini? Tutafika tu."

Leo nataka tuuzungumzie huo mstari mwembamba.

Kwanza tuelewane juu ya ukubwa. Australia ina kilomita za mraba zipatazo milioni 7.7. Kenya yetu yote, kuanzia Vanga hadi Lokichoggio, ingeweza kuingia humo mara 13. Lakini watu wake wengi wamejibana karibu na bahari, na ukiingia ndani unakutana na nyika isiyo na mwisho ambayo wenyewe huiita Outback. Huko ndani shamba moja la ng'ombe, Anna Creek, lina zaidi ya kilomita za mraba 15,000. Hiyo ni karibu mara mbili ya Kaunti ya Kwale, na ndani yake utapata watu wachache wasiojaza basi moja. Kwa hivyo mtu akikwambia kwamba jirani yuko "hapo mbele tu", muulize ni kilomita ngapi.

Barabara zinazopita nyika hiyo ni nyingi, na zilizo maarufu kila moja ina hadithi yake. Ile ya Birdsville, kutoka Marree hadi kijiji cha Birdsville, ina urefu wa kilomita 517 na ilianza kama njia ya kuswagia ng'ombe kwenda kwenye reli. Hapo ndipo mtu mmoja aliyeitwa Tom Kruse (si yule mwigizaji wa sinema, huyu jina lake huandikwa kwa K) alipopeleka barua na vyakula kwa lori kuanzia mwaka wa 1936. Alipofika kwenye vilima vya mchanga alikuwa akilaza mabati mazito mbele ya magurudumu, lori likasogea hatua chache, kisha akayatoa nyuma na kuyalaza tena mbele. Mwaka wa 1954 ilitengenezwa filamu juu ya kazi yake, nchi nzima ikamjua. Alifariki mwaka wa 2011 akiwa na umri wa miaka 96.

Barabara ya Oodnadatta nayo inafuata reli ya zamani iliyoitwa Ghan, jina linalotokana na Waafghani. Ndiyo, Waafghani. Kabla ya reli na lori, mizigo ya nyika ile ilibebwa na ngamia, na walioongoza ngamia hao walikuwa Waislamu kutoka Afghanistan na sehemu zilizo leo Pakistan. Pale Marree walijenga msikiti wa udongo na miti katika karne ya 19. Lori zilipokuja, ngamia wengi waliachiliwa huru, na vizazi vyao wanatangatanga nyikani hadi leo bila mwenyewe. Ndugu zetu wa Wajir na Mandera wakisikia kwamba kuna ngamia wa bure namna hiyo, sijui watasema nini.

Zaidi ya hizo kuna zile alizochonga mpima ardhi Len Beadell na kikosi chake kidogo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kilomita zaidi ya 6,000 kwa jumla. Hazikuchongwa kwa ajili ya mkulima wala msafiri. Zilichongwa kwa sababu Uingereza na Australia zilikuwa zikijaribu roketi na mabomu ya nyuklia jangwani, nao walihitaji njia. Ile iitwayo Gunbarrel ilimalizika mwaka wa 1958. Nyingine Beadell aliipa jina la mkewe, na nyingine jina la bintiye. Jambo alilofanya ambalo mimi humsifu nalo ni kupigilia vibati kwenye miti na nguzo, akiandika juu yake mahali penyewe palipo kwa vipimo vya latitudo na longitudo, ili atakayepotea ajue alipo. Mtu aliyeishi jangwani alijua kwamba kujua ulipo ni nusu ya kupona.

Basi hizo ndizo barabara. Sehemu za baadhi yake zinaendelea kutiwa lami, lakini maelfu ya kilomita bado ni kokoto, mchanga na udongo.

Sasa, barabara hizo hufanyaje gari? Wale waliowahi kupanda lori kutoka Isiolo kwenda Moyale kabla ya lami kufika watanielewa haraka. Uso wa barabara kavu hujikunja ukawa vituta vidogo vidogo vilivyopangana kama mabati ya paa. Wengi hudhani vituta hivyo huletwa na upepo, au na springi za lori. Mwaka wa 2007 watafiti wa Ufaransa, Uingereza na Canada walizungusha gurudumu tupu, lisilo na springi, juu ya mchanga katika maabara, na vituta vikajitokeza vyenyewe mara tu kasi ilipopita kiwango fulani. Yaani ni mwendo wenyewe unaovitengeneza. Ukipita juu yake polepole, meno yatagongana na kila skrubu ya gari italegea. Ukipita kwa kasi, gari litaelea juu ya vichwa vya vituta na utaona raha, lakini kumbuka kwamba magurudumu sasa yanagusa ardhi kwa shida. Ukikata usukani ghafla au kukanyaga breki, gari litakwenda linakotaka lenyewe. Magari ya wageni hupinduka hapo, na mara nyingi hakuna gari jingine lililohusika.

Halafu kuna vumbi. Si vumbi la kawaida la kufuta kwa kitambaa. Ni vumbi laini kuliko unga wa ngano, linalojaa ndani ya shimo hadi shimo likaonekana kama barabara tambarare. Unaingia humo ukidhani ni sawa, kumbe umetumbukia hadi ekseli. Na kuna malori. Lori moja la kule huvuta trela tatu, wakati mwingine nne, na katika barabara kadhaa linaruhusiwa kufikia urefu wa mita 53.5. Hebu panga mabasi manne ya Nairobi kwenda Mombasa, moja nyuma ya jingine, na bado lori hilo litayapita. Likija mbele yako, toka barabarani, simama, ungoje vumbi litulie. Usijaribu kulipita kwa nyuma katika wingu lake. Dereva hakuoni, na wewe huoni kinachokuja.

Usiku usiendeshe kabisa. Kangaruu, ng'ombe na hao ngamia wasio na mwenyewe hupenda barabara jua likishatua, na ngamia akigongwa miguu, mwili wake wote huja kwenye kioo cha dereva. Mvua nayo, ingawa ni adimu, ikinyesha siku moja tu hugeuza udongo ukawa matope ya kunata, na serikali hufunga barabara kwa siku nyingi. Anayepita kwenye barabara iliyofungwa hutozwa faini kali, kwa sababu mifereji anayochimba kwa magurudumu hukauka ikawa migumu kama saruji.

Lakini haya yote, mpenzi msomaji, ni mambo ya gari. Gari likiharibika ni hasara ya pesa. Ninalotaka ulishike leo ni lile linalofuata baada ya gari kusimama.

Sisi watu wa jiji tuna tabia moja. Matatu ikiharibika pale Jogoo Road, hakuna anayekaa ndani. Makanga hajamaliza kusema "samahani" na abiria wote wako chini, wanapiga miguu kwenda mjini au wanatafuta nyingine. Kukaa tunakuona kuwa ni uzembe. Hata wahenga walituambia kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure. Nami nawaheshimu wahenga, lakini wahenga waliosema hivyo walikaa mahali ambapo ukitembea nusu saa utakutana na mtu, na huyo mtu ana maji. Ichukue methali hiyo uende nayo katikati ya Australia mwezi wa Desemba, na itakuua.

Tazama yaliyotokea Desemba mwaka wa 1963. Familia ya watu watano waliohamia Australia kutoka Uingereza, baba, mama na wana wao watatu, iliondoka Marree kwa gari lao kufuata barabara ya Birdsville. Walipotea njia, petroli ikawaishia. Waliacha karatasi kwenye gari wakieleza kwamba petroli imekwisha na maji yaliyobaki yanatosha siku mbili. Kisha wakaliacha gari na kuingia nyikani kwa miguu. Gari lilionekana. Wao walipatikana baadaye, wote watano wamekufa kwa kiu. Kaburi lao liko huko huko kando ya njia ya zamani.

Utasema hayo ni ya kale. Haya, Desemba 1998, wapenzi wawili kutoka Austria (nchi ya Ulaya hiyo, usiichanganye na Australia) walikodi gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, wakaenda kuona Ziwa Eyre, ambalo kwa kawaida ni uwanja mkavu wa chumvi. Gari likazama mchangani pale kando ya ziwa. Maji walikuwa nayo, na karibu na hapo palikuwa na tangi la maji. Walingoja, hakuna aliyekuja. Kijiji kilichokuwa karibu zaidi, William Creek, kilikuwa umbali wa kilomita zaidi ya 60. Wakaamua kutembea. Njiani mwanamume alishindwa, akarudi kwenye gari. Mwanamke aliendelea peke yake. Aliyerudi alipona. Aliyeendelea alikutwa njiani amefariki.

Na sasa sikiliza hili, kwa maana ndilo linaloniuma zaidi katika kisa hicho. Polisi walipofika kwenye gari lile walipunguza upepo wa matairi, wakalitoa mchangani na kuliendesha. Halikuwa bovu. Tairi lililopunguzwa upepo hutanuka likakanyaga mahali papana zaidi, kama mguu wa ngamia, badala ya kukata mchanga kama kisu. Ni jambo ambalo dereva yeyote wa Garissa anakuonyesha kwa dakika chache. Vijana wale hawakulijua, nami siwalaumu. Wangelijulia wapi Vienna?

Hata katika zama hizi za setilaiti mambo hayajabadilika sana. Novemba 2019, watu watatu walikwama na gari kwenye mto mkavu kusini ya Alice Springs. Walikaa na gari siku kadhaa za kwanza, kisha wakatengana. Aliyebaki karibu na maji, si mbali na gari, ndiye aliyepatikana kwanza, baada ya siku zipatazo 12. Wawili walikuwa wameshika njia kwa miguu. Mmoja wao aliokolewa, mwingine alikutwa maiti.

Kwa nini gari lionekane na mtu asionekane? Panda ndege kwa mawazo yako. Kutoka juu, gari ni kitu kikubwa kinachong'aa, chenye vioo, kilicho juu au kando ya mstari wa barabara, na rubani anaufuata mstari huo. Mtu ni nukta chini ya kichaka, na rangi yake ni ya udongo mara tu vumbi linapomfunika. Isitoshe, polisi wanaanzia pale ulipotarajiwa kupita. Ukiondoka barabarani umewatoa kwenye hesabu yao.

Tufanye na sisi hesabu, maana wanafunzi wetu wanapenda hesabu. Oodnadatta, kijiji cha nyika ile ile, kilipimwa joto la digrii 50.7 tarehe 2 Januari 1960, na rekodi hiyo haikufikiwa tena popote Australia hadi Januari 2022 kule Onslow. Tuseme leo ni nafuu, ni digrii 42 tu. Mtu anayetembea juani katika joto hilo hupoteza jasho la lita moja kwa saa, na pengine zaidi. Kilomita 60 kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa ni saa 15. Basi ni lita 15 za maji, na lita moja ni kilo moja. Nani kati yenu atabeba mtungi wa kilo 15 kichwani, mchangani, saa 15 mfululizo? Atabeba chupa mbili. Chupa mbili zitamfikisha mahali ambapo hawezi kwenda mbele wala kurudi. Na mtu yule yule akikaa kivulini bila kujisumbua, maji yale yale yanamvusha siku kadhaa.

Ndiyo maana wazoefu wa kule husema kwamba kinachobaniwa ni jasho, si maji. Kiu ikija, kunywa. Wako watu waliokutwa wamekufa na maji yakiwa bado chupani, kwa sababu walikuwa wakiyawekea akiba. Kaa kivulini. Lakini usikae ndani ya gari, maana ndani ya gari lililofungwa chini ya jua ni tanuri. Funga turubai kutoka kwenye paa hadi chini, fukua mchanga wa juu ulio moto, ulale juu ya ule wa chini ulio baridi kidogo. Kazi ya kuchimba gurudumu ifanywe alfajiri au jioni. Na maji ya rejeta yasinywewe, hata kwa mtu aliyekata tamaa, kwa kuwa yana dawa ya kupozea injini na dawa hiyo ni sumu.

Ukisikia ndege, ondoa kioo kimoja cha pembeni uwamulikie jua. Usiku washa moto. Mchana choma tairi, maana moshi wake mweusi huonekana mbali, lakini litoe upepo kwanza lisije likapasuka usoni mwako. Na liwe ni lile ambalo hulihitaji tena.

Huenda msomaji mwingine anauliza: mbona wenyeji asilia wa Australia walitembea jangwa hilo hilo kwa maelfu ya miaka? Swali zuri. Walitembea, na mwaka wa 1984 familia moja ya watu tisa wa kabila la Pintupi ilikutana na dunia ya nje kwa mara ya kwanza baada ya kuishi maisha yao yote jangwani, karibu na Ziwa Mackay, wakiwinda na kuhama kutoka kisima kimoja hadi kingine. Wao walijua maji yako wapi. Hilo ndilo tofauti yote. Mzungu alipotaka kupata siri hiyo hakuibembeleza. Alfred Canning alipopima njia ya ng'ombe ya kilomita 1,850 hivi kutoka Wiluna hadi Halls Creek, mwaka wa 1906 na 1907, aliwakamata wenyeji na kuwafunga minyororo ili wamwonyeshe visima vyao. Kesi hiyo ilifikishwa mbele ya tume ya uchunguzi mwaka wa 1908, na tume ikamwachilia. Leo watalii huendesha magari kwenye njia hiyo na kupiga picha pale visimani. Wapige, lakini wajue visima vile vilipatikana vipi.

Na ardhi ile bado ina wenyewe. Barabara Kuu ya Kati, ile ya kutoka Laverton hadi Yulara karibu na mwamba wa Uluru, kilomita zaidi ya 1,100, hupita katika ardhi ya wenyeji asilia, na ni lazima upate kibali kabla ya kuondoka. Petroli yenyewe katika vijiji vya huko ni ya aina nyingine. Tangu mwaka wa 2005 imekuwa ikiuzwa petroli iitwayo Opal, iliyopunguzwa zile kemikali zinazolevya, kwa sababu vijana wengi walikuwa wakiharibika akili kwa kunusa petroli. Sisi tuliozoea kuona watoto na chupa za gamu River Road hatuhitaji kuelezwa zaidi. Gari halidhuriki nayo.

Kutoka pampu moja hadi nyingine katika barabara hiyo yaweza kuwa kilomita 250 au 300, na mchangani gari hunywa mafuta kuliko lilivyokunywa kwenye lami. Jaza kila unapopata, hata kama tangi lina nusu.

Wakati mwingine si gari bali ni mtu anayehitaji msaada. Hapo Waaustralia walitutangulia. Kasisi John Flynn alianzisha huduma ya madaktari wa ndege mwaka wa 1928, ndege ya kwanza ikiruka kutoka Cloncurry, na mwaka uliofuata fundi Alfred Traeger akatengeneza redio iliyopata umeme kwa kukanyaga pedali kama za baiskeli, ili mke wa mfugaji aliye peke yake aweze kumwita daktari. Sisi tulipata yetu mwaka wa 1957, wakati Daktari Michael Wood na wenzake wawili walipoanzisha lile shirika tunalolijua leo kwa jina la AMREF, na ndege zake bado zinaruka kutoka Wilson. Lakini daktari wa ndege hawezi kuja kama hakuna aliyemwita. Simu ya mkononi hufa kilomita chache nje ya mji. Kuna simu za setilaiti, ambazo hukodishwa, na baadhi ya simu mpya za mkononi sasa zaweza kutuma ujumbe wa dharura kupitia setilaiti. Lakini kama kijana wako ana pesa za kununua kitu kimoja tu, anunue kile kifaa kidogo cha kutoa ishara ya hatari, kinachoingia mfukoni. Ukikifungua, ishara hupanda kwenye setilaiti na kufika kwenye kituo cha uokoaji cha Canberra, ikiwa imebeba mahali ulipo. Kisajiliwe kwa jina lake, na akae nacho mwilini, si chini ya mizigo.

Maji yawe lita 10 kwa kila mtu kwa kila siku, na siku za ziada zihesabiwe, tena yasiwe katika mtungi mmoja, maana mtungi hupasuka. Matairi ya akiba mawili, si moja. Sepetu, jeki pamoja na ubao wa kuiwekea chini isizame, kipimo cha upepo, na pampu ya kujazia tena mkifika kwenye kokoto. Mkataba wa gari la kukodi usomwe, hasa yale maandishi madogo. Nyingi hukataza barabara zisizo na lami, na ukienda huko bima haikutambui. Na safari yenyewe iahirishwe hadi Juni au Julai, ambapo mchana ni vuguvugu na usiku ni baridi ya kuvaa sweta. Hilo pekee lingewaokoa wengi. Hifadhi ya Jangwa la Simpson upande wa Australia Kusini hufungwa kabisa kila mwaka kuanzia Desemba mosi hadi Machi 15, na hawaifungi kwa kujifurahisha.

Kitu kizuri nilichokipenda katika desturi za nyika ile ni salamu. Magari mawili yakipishana, dereva huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Na ukiwa umesimama kando, gari lolote litakalotokea litapunguza mwendo likuulize kama uko salama. Wewe nawe ufanye hivyo.

Linabaki jambo moja, nalo linaihusu familia iliyo hapa nyumbani. Kabla kijana hajaondoka, mwambie akuandikie nambari ya gari, rangi yake, barabara atakayopita, mahali atakapolala kila siku, na saa atakayopiga simu akifika. Andika kwenye karatasi na uibandike jikoni, usiiache ndani ya simu ya mtu mmoja. Akibadilisha njia, akuambie kabla ya kuibadilisha. Mkubaliane pia juu ya saa ambayo ikipita bila simu, wewe hutangoja kesho. Rafiki yake aliyebaki chuoni awe na karatasi kama hiyo hiyo, kwa kuwa yeye anaweza kupiga 131 444 ya polisi wa kule, au 000 ikiwa ni dharura, jambo ambalo wewe uliye Nairobi huwezi. Na hesabu saa vizuri. Perth iko mbele yetu kwa saa tano. Akisema atapiga saa kumi na mbili jioni kwa saa za kule, hapa itakuwa saa saba mchana. Uwe karibu na simu.